Anaongelea kinyonga tu toka asubuhi mpaka usiku: maswali yenu kuhusu usonji na wapenzi wa nyoka, mijusi na kobe

Toleo lililopita niliandika kwa kupita tu kwamba mi mwenyewe nna usonji (autism kwa Kiingereza), nlipimwa nikiwa na miaka 33, na kwamba kwangu kuna kobe wawili ninaowafuga kwa kibali. Nilidhani watu watasoma na kuendelea na mambo yao. Kumbe wengi mlikuwa mmekaa na hili jambo kifuani, barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: mtu ninayempenda kazama kwenye hawa wanyama hadi haoni kingine, je, nimtoe humo? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndiyo iliyoniuma.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Morogoro mjini. Wa pili ana miaka 11, hospitali walisema ana usonji akiwa na miaka 6. Kaka, huyu mtoto ni kinyonga, kinyonga, kinyonga. Akiamka kinyonga, tunakula kinyonga, mgeni akija hata kumsalimia bado ashamuuliza kama anajua ulimi wa kinyonga unatoka vipi. Mwezi uliopita alibeba kinyonga kwenye begi la shule, wenzie wakapiga kelele darasa zima likatoka nje, nikaitwa. Mama mkwe anasema kinyonga ni mkosi na mtoto ana kitu, anataka tumpeleke kwa mtaalamu wa kienyeji. Mi nikaona bora nikate mzizi, nikachukua daftari lake la michoro nikaficha na nikamwambia hapa nyumbani sitaki kusikia hilo neno tena. Sasa ni wiki ya tatu, halali vizuri, hali, anajipiga kichwani, juzi kajikojolea kitu ambacho kilishaisha zamani. Halafu kuna hili linaninyima usingizi zaidi, tulienda shamba kwa babu yake likizo, tukamkuta kachuchumaa karibu kabisa na kifutu anamwangalia. Nifanyeje?
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Dada yangu, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu nenda kalitoe lile daftari ulipolificha ukampe. Leo, usisubiri kesho. Wala usimpe kwa masharti, usimwambie ukila utalipata, mpe tu na umwambie mama alikosea, nimerudisha. Nakuambia hivi kwa upendo maana najua ulifanya kwa kuogopa, ila mimi nlishachukuliwa daftari kama hilo darasa la tano, la kwangu lilikuwa la kobe, mwalimu akalichana mbele ya wenzangu, na hadi leo nna miaka 41 nakumbuka ukurasa upi ulichanika kwanza.

Wacha nieleze kinachoendelea. Hii tabia ya kupenda kitu kimoja kwa nguvu zote sio kitu kipya wala sio cha mwanao peke yake. Daktari mmoja wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1925, wengi hawamjui maana aliandika Kirusi na Kijerumani. Halafu Leo Kanner kule Baltimore akaandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11, na ndiye aliyepata jina. Mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2013, umeiweka kabisa kwenye vigezo vya usonji, kuwa na mapenzi makali mno na kitu fulani. Mi namna walivyoiandika kama vile ni kasoro siipendi, naona wameangalia kwa nje tu. Waliojaribu kuangalia kwa ndani ni Dinah Murray na wenzake wawili, mwaka 2005, na katika hao watatu Wenn Lawson mwenyewe ana usonji. Wakasema tofauti iko kwenye umakini wa akili unavyogawanyika. Nikikuelezea kwa lugha yetu, akili ya watu wengi ni kama karabai, inawaka sebuleni na kila kitu kinaonekana kiasi. Akili ya mwanao ni tochi. Ikimulika kinyonga inaona hadi magamba ya kope, ila mgeni aliyekaa pembeni yuko gizani, sio kwamba anamdharau, hajamuona. Sasa ukimzimia mtu tochi hapati karabai dada, anabaki gizani. Ndo hiyo kujipiga na kutokulala unayoiona.

Na kwanini wawe hawa reptilia? Sio wote wenye usonji wanawapenda, kuna wa treni, kuna wa ramani, wa feni za dari. Ila ukikaa na wafugaji wa nyoka na mijusi utakutana na wenzetu wengi sana, na mi naona sababu, maana naziishi. Mnyama huyu hakulazimishi umwangalie machoni. Hapigi kelele. Hana kununa leo na kesho kucheka bila sababu, kila anachofanya kina kanuni, joto likishuka anapoa, jua likipanda anatoka kuota. Binadamu wana kanuni pia ila hawazisemi na wanazibadilisha katikati. Kinyonga akiwa mweusi mweusi asubuhi ni kwamba anajipasha joto, basi, huna haja ya kujiuliza umemkosea nini. Mtoto anayehangaika mchana kutwa kusoma nyuso za watu akikutana na kiumbe anayesomeka, unategemea asimshike?

Na mwanao kazaliwa penyewe jamani. Muonyeshe milima ya Uluguru hapo juu yenu umwambie kuna vinyonga humo ambao hawapatikani sehemu nyingine yoyote duniani. Mwambie kuna kundi zima la vinyonga ambalo mwaka 2006 wanasayansi walilipa jina Kinyongia, yaani walichukua neno letu la Kiswahili wakaliweka kwenye jina la kisayansi, na leo mtu wa Japani akitaka kuwataja lazima aseme kinyonga. Mwambie kuna mmoja alijulikana kwenye msitu wa Magombera, bonde la Kilombero mkoani kwenu hapo hapo, kwa sababu nyoka alikuwa anamla, akashtuka kuona mtu akamtema, na huyo aliyetemwa ndo akawa kinyonga asiyewahi kuandikwa, akapewa jina la msitu huo mwaka 2009. Siku utakayomsimulia wewe hii, badala ya yeye kukusimulia wewe, utaona sura ambayo hujawahi kuiona.

Sasa kuhusu kuishi nayo, maana najua unachoka, kusikiliza ulimi wa kinyonga mara 40 kwa siku kunachosha na sio dhambi kusema hivyo. Mpe muda wake wa uhakika. Mfano saa kumi na moja jioni mpaka saa kumi na mbili kasoro, kila siku, kwenye karatasi ukutani, muda wa kinyonga, na wewe au baba yake unakaa unasikiliza kweli sio huku unachambua mchele. Akianza asubuhi unamwonyesha karatasi, unamwambia nitakusikiliza saa kumi na moja. Wiki ya kwanza hataamini. Akishaona kwamba ikifika saa kumi na moja kweli unakaa, ataanza kusubiri, maana kinachomfanya arudie rudie ni kutokujua kama atapata tena nafasi. Ila usije hata siku moja ukaufuta huo muda kama adhabu. Mtoto wa kawaida ukimnyima katuni analia kidogo yanaisha, huyu utakuwa umemnyima pa kupumulia.

Na masomo pitishia humo humo. Hesabu za urefu wa ulimi na urefu wa mwili, ramani za milima, insha, hata salamu, unaweza kumfundisha kwamba mgeni kwanza anasalimiwa, anaulizwa hali, halafu ndo unamuuliza kama anapenda kusikia habari za kinyonga, akisema hapana unanyamaza. Ukimpa kama hatua za kufuata atazifuata vizuri kuliko watoto wengi.

La kumbeba kinyonga hilo lazima likome, sio kwa sababu ya mkosi, kwa sababu ya kinyonga mwenyewe. Anaumia. Kinyonga wa porini akishikwa shikwa na kufungiwa kwenye begi la moto anakufa taratibu hata kama kwa nje anaonekana mzima. Na sheria ya wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuchukua mnyama wa porini ukamweka ndani bila kibali. Mueleze hayo mawili hivi hivi yalivyo, na umpe cha kufanya badala yake: daftari la kuandika kila kinyonga anayemuona, tarehe, mti gani, urefu kwa kukadiria, rangi, na anaachwa pale pale tawini. Watafiti ndivyo wanavyofanya. Ukipata simu yenye kamera hata ya zamani mpe apige picha.

Kuhusu kifutu hapa nakuomba usome mara mbili. Kumwambia mtoto mwenye usonji kuwa makini hakumsaidii kitu, kuwa makini ni nini? Mpe kipimo. Nyoka yeyote, awe mkubwa awe mdogo, hatua kumi kubwa nyuma, halafu unaita mtu mzima. Mkazipime pamoja uani kwa kamba mpaka mwili wake uzijue. Mweleze kwanini, kwamba kifutu hakimbii kama nyoka wengine, anategemea rangi yake imfiche na analala tuli, ukimkaribia hujui saa atakayokurukia, na ndo maana anauma watu wengi hivyo. Hakuna kuingiza mkono chini ya gogo wala kwenye shimo. Usiku tochi na viatu. Na kuna jambo wazazi wengi hawalijui, baadhi yetu hatuonyeshi maumivu kama wengine, mtoto anaweza kuumwa na nyoka akaenda kukaa kimya chumbani. Kwa hiyo mkaririshe sentensi moja: nimeumwa na nyoka, nipeleke hospitali. Mfanye mazoezi kama wimbo. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, hakuna kuchanja, hakuna kufunga kamba, hakuna jiwe la nyoka, asitembee, abebwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, hospitali moja kwa moja.

Kwa mama mkwe ongea naye kwa heshima yake. Makabila mengi ya Kibantu yana hadithi ya kinyonga aliyetumwa kuleta ujumbe wa uzima akachelewa njiani na kifo kikawahi, kwa hiyo bibi hajatunga, kalelewa nayo. Muombe aje siku moja moja saa kumi na moja amsikilize mjukuu wake. Ila kwa mtaalamu wa kienyeji mtoto asiende dada, hapo usilegee.

SWALI: Kaka salama? Mimi ni Mtanga, miaka 38, nipo Dortmund Ujerumani mwaka wa 14 sasa. Nafuga lepadi geko 23, hawa mijusi wadogo wa madoa, na boli paitoni 9, aina ya chatu wadogo, nna chumba chao kizima, naandika uzito wa kila mmoja kila Jumapili kwenye kompyuta toka 2013. Binti yetu wa miaka 6 amepimwa mwaka huu ana usonji, na wakati yule mama wa kliniki anatuuliza maswali ya mtoto mi nikawa najijibu mwenyewe moyoni, ndio, ndio, hiyo mimi. Kwenye harusi nusu saa tu natafuta mlango, lakini nikienda Hamm kwenye soko la reptilia naongea na watu masaa sita sichoki. Mke wangu kakasirika, anasema mtoto kayatoa kwangu, na kwamba nimeoa nyoka, na umeme wa kile chumba peke yake unatutoa jasho. Kasema niuze wote. Kiukweli nikifikiria kile chumba kiwe kitupu nasikia kama nitakufa. Niuze?

JIBU: Usiuze wote. Na mke wako ana haki pia, tuyachukue yote mawili.

Hilo la mtoto kwanza. Usonji unatembea kwenye damu kwa kiasi kikubwa, hilo utafiti umelionyesha miaka na miaka, kwa hiyo huenda kweli katoka upande wako, kama alivyotoa kwako pua au urefu. Lakini kutoa na kukosea ni vitu viwili. Na tazama alichopata huyo binti: baba ambaye hatamwambia acha ujinga, baba ambaye anajua kwanini harusi inachosha. Mi nlikuwa na kiu ya mtu kama huyo utoto wangu wote. Mwambie shemeji yangu hivyo, ila ukae naye chini, sio kwenye kile chumba na mkono mmoja umeshika geko.

Ulichokieleza kuhusu Hamm ndicho kila mtu wa fani hii anakisema. Mara nne kwa mwaka watu kutoka Ulaya nzima wanaingia kwenye yale mabanda, na pale hakuna hali ya hewa ikoje, familia hawajambo, unafika mezani kwa mtu usiyemjua unamuuliza unawaweka nyuzi ngapi upande wa moto, anakujibu 32, unamuuliza unyevu, mnaendelea hadi mnafukuzwa na wafagiaji. Watu wanasema wenye usonji hatupendi watu. Hatupendi utangulizi mrefu, watu tunawapenda. Mwanasosholojia Damian Milton, naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana ni kwa pande zote, sio sisi peke yetu tusioelewa, na wewe Hamm umejionea mwenyewe, tukiwa pamoja mazungumzo yanatiririka.

Kuna utafiti wa 2018 wa watu wazima wenye usonji na haya mapenzi yao makali. Wanaoyafuata wana hali nzuri zaidi ya maisha, hilo nilitegemea. Ila pia waligundua kwamba yakizidi sana ukali hali inakuwa mbaya. Sasa wewe ndo ujiulize uko wapi. Kuandika uzito kila Jumapili sio tatizo, ni ufugaji mzuri huo, geko akipungua gramu tano utajua kabla hajaonyesha ugonjwa. Tatizo linaanza pale unaponunua wa 24 wakati bili ya umeme haijalipwa, au binti anakuita na unamjibu subiri hadi analala.

Na sisi wa wanyama tuna mzigo ambao mwenzetu anayekusanya stempu hana. Mapenzi haya huwa yanahama. Unaweza kuamka mwaka mmoja ukakuta tochi imegeukia saa za ukutani, mi ishanitokea kwa samaki, nikawa nalazimika kuwalisha huku moyo haupo kabisa. Stempu utazifungia kabatini. Lepadi geko anaishi miaka 15 hadi 20, boli paitoni anapita 20 akitunzwa, na wanahema humo ndani, wanataka joto na maji ile ile siku ambayo hujisikii. Kwa hiyo idadi ya kufuga isiwe ile unayoitamani ukiwa na moto, iwe ile ambayo unaweza kuitunza siku umeishiwa nguvu kabisa, umetoka kwenye ile harusi, huwezi hata kuongea. Kaeni wawili muiandike hiyo namba. Ikiwa ni 12, basi 20 watafutiwe watu, na wewe Hamm si unawajua watu wazuri. Chagua mwenyewe nani anabaki, usiharakishwe, jipe hata miezi sita. Na kuzalisha simamisha kwanza. Kama unao wale boli paitoni wa rangi ambayo wafugaji wanaiita buibui hao usiwazalishe kabisa hata baadaye, ile rangi inakuja na kichwa kutikisika na mnyama kushindwa kujiweka sawa, ugonjwa wa mishipa ya fahamu tuliouzalisha wenyewe kwa kupenda michoro ya ngozi.

Chumba kisife, ila kiwe na saa zake ukutani, na binti akitaka aingie na wewe, ana miaka 6, anaweza kupima uzito Jumapili. Mikono kwa sabuni kila akitoka, salmonela sio hadithi, na vyombo vyao visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Moja zaidi nakuomba kama Mtanzania mwenzangu. Pale sokoni utakutana na mjusi mdogo wa bluu kali mpaka unadhani kapakwa rangi, dume anakuwa bluu, jike kijani. Huyo ni wetu. Kwao ni msitu wa Kimboza, Morogoro, hekta kama 400 tu na vipande vichache jirani, anaishi kwenye ile miti jamii ya mkadi. Kati ya 2004 na 2009 walichukuliwa zaidi ya 30,000 kupelekwa kwa wafugaji kama mimi na wewe, na miti ilikuwa inakatwa ili kuwafikia. Serikali ilisimamisha kupeleka wanyamapori hai nje mwaka 2016, na toka 2017 huyu mjusi yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kobe wetu wa mawe, yule bapa kama chapati, akafuata 2019. Kwa hiyo asiye na cheti cha kuonyesha kazaliwa kwa mfugaji usimguse hata ukipewa bure. Najua ile kiu ya kuwa naye, nimeshaisikia, mwili mzima unataka. Ndo maana nakuambia mapema kabla hujasimama mbele ya meza.

SWALI: Habari yako. Mimi niko Nairobi, msichana wa miaka 26, nafanya kazi ya hesabu kwa ofisi fulani. Tangu nikiwa mdogo ni nyoka tu, shule ya upili walikuwa wananiita mama nyoka. Juzi kuna mtu aliniambia lazima niko na usonji kwa sababu hata yule Ionides wa Tanganyika alikuwa nao. Sasa nashindwa, kupenda nyoka hivi ni usonji ama? Na nikienda kupimwa wataniuliza nini?

JIBU: Kupenda nyoka peke yake hapana dadangu. Constantine Ionides aliyekaa Liwale, waliyemwita Bwana Nyoka, alikamata nyoka kwa maelfu na maisha yake yote yalikuwa humo, lakini alifariki 1968 na hakuna aliyempima, na mimi siwapimi marehemu, hawawezi kujibu maswali.

Anayekupima ataangalia vitu viwili pamoja na vyote viwe vimeanza utotoni: jinsi unavyowasiliana na kuhusiana na watu, na upande wa pili haya ya kurudia, ratiba, mapenzi makali, sauti na mwanga na vitambaa vinavyokukera. Na kwamba vinakugharimu kitu maishani. Kwa hiyo usiende kumwambia napenda nyoka ukanyamaza. Mwambie unavyokuwa jioni baada ya kutwa nzima ofisini. Mwambie kama huwa unafanya mazoezi ya mazungumzo kichwani kabla ya kupiga simu, kama huwa unaiga mtu fulani namna ya kucheka. Wasichana wengi tunawapoteza hapo, wamejifunza kuiga vizuri mpaka daktari anaona kila kitu sawa, na msichana mwenyewe anaenda nyumbani kulia gizani masaa mawili. Nenda na mtu aliyekujua mdogo kama yupo, mama au shangazi. Tafuta mwanasaikolojia au daktari wa akili anayepima watu wazima, uliza kabla ya kulipa maana wengi wamezoea watoto. Pale KISE, ile taasisi ya elimu maalumu Kasarani, wanapima watoto zaidi ila wanaweza kukuelekeza.

Majibu yakija vyovyote, nyoka ni wako. Na Kenya uko mahali pazuri. James Ashe alikuwa anashughulikia nyoka pale makumbusho Nairobi, halafu mwaka 1980 yeye na mkewe Sanda wakaanzisha Bio-Ken, shamba la nyoka pale Watamu. Toka miaka ya 60 alishikilia kwamba yule swila mkubwa wa pwani anayetema ni aina yake peke yake, wengine wakiona ni swila wa kawaida tu. Alifariki 2004. Mwaka 2007 wataalamu wakathibitisha, wakampa nyoka huyo jina lake, Naja ashei. Kuona tofauti ambayo wengine wanaipita na kuishikilia miaka 40, si ndio hiyo uliyo nayo wewe? Waandikie Bio-Ken uulize kama wanapokea watu wa kujitolea. Ila wale wenye sumu usiwafuge kwa nyumba, bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni makosa, na dawa ya sumu haiko kila hospitali.

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mdogo wangu ana miaka 17, ana usonji, tunakaa Ng'ambo Unguja. Kila Jumamosi lazima avuke kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, pasi na hivo wiki nzima inaharibika. Nauli ya boti si ndogo na juzi katikati ya watalii kamsahihisha mtembeza wageni, akaambiwa asirudi. Sasa analia. Nimkatazie tu moja kwa moja?

JIBU: Waalaykum salaam. Usimkatazie, nenda wewe kwanza, peke yako, siku ya katikati ya wiki wakati wageni ni wachache, ukamtafute yule aliyekasirika. Muombe radhi kwa niaba yake, muelezee usonji kwa maneno machache, halafu uombe ombi dogo: mdogo wangu aje kwa muda wa saa moja tu, asubuhi kabla ya wageni, afagie, abebe majani ya kulisha, ajaze maji. Watu wanaofanya kazi na wale kobe wanawapenda, ukiongea nao kwa lugha hiyo watasikia.

Na yeye umpe kanuni kama niliyompa mama wa Morogoro. Mtembeza wageni akiwa anaongea, unanyamaza hata akikosea. Ukiona kakosea unaandika kwenye daftari, unamwonyesha akimaliza, mkiwa wawili tu. Anajua mengi huyo, si ajabu keshasoma kwamba wa kwanza walikuwa wanne, walitoka Shelisheli mwaka 1919, na kwamba miaka ya 1990 waliibiwa hadi wakabaki wachache mno. Kijana anayejua hayo na anayetambua kobe mmoja mmoja kwa gamba ana kazi ya kufanya pale kisiwani.

Nauli ikiwa nzito iwe Jumamosi moja ndiyo moja hapana, lakini iandikwe kwenye kalenda mwezi mzima mbele, aione. Na ile Jumamosi ya kubaki nyumbani mwachie daftari lake na kilo moja ya mchicha, aupime majani akadirie kobe mmoja atamaliza kwa muda gani. Jumamosi inayofuata atakwenda kuhakiki.